Uzi: Rowan Atkinson na kazi iliyojificha nyuma ya uso wa Mr. Bean

Mwana wa Kibokoni (mleta uzi)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Juzi baada ya alasiri nilikuwa nimeketi kwa muuza kahawa, Mji wa Kale, na kando yangu kijana mmoja alikuwa akitazama Mr. Bean kwenye simu huku wazee wawili wakimchungulia begani. Walicheka hadi kahawa ikamwagika. Kisha mmoja wa wazee wale akajifuta machozi na kusema kuwa mtu yule hana ufundi wowote, kwamba amejaliwa uso wa mpira na kazi yake ni kuupindapinda mbele ya kamera akalipwa. Sikumjibu, kwa kuwa ni rika la baba yangu na kahawa niliyokuwa nikiinywa alikuwa amenilipia yeye. Lakini maneno yale yamenikaa rohoni, na kwa vile nimefundisha maigizo ya shule kwa miaka mingi hapa Mombasa, nimeona niyajibu hapa, ambapo hatanisikia.

Ninavyoona mimi, uso ule ndio sehemu ndogo kuliko zote katika kazi ya Rowan Atkinson, mwigizaji wa Mr. Bean. Huyu ni mtu aliyesomea mitambo, mwenye ulimi unaokwama anapozungumza, ambaye alikaa akatengeneza kichekesho kisichohitaji ulimi, akakipima na kukipima upya kama fundi wa umeme anayejua kwamba waya mmoja ukikaa vibaya taa haitawaka.

Alizaliwa tarehe 6 Januari 1955 Consett, kaskazini mashariki mwa Uingereza, mji ulioishi kwa kiwanda cha chuma. Baba yake alikuwa mkulima na mkurugenzi wa kampuni. Utotoni alisoma Durham, katika shule ya waimbaji wa kanisa kuu (naomba mlikumbuke jambo hili la kwaya, nitalirudia), baadaye akaenda shule ya St Bees, kisha Chuo Kikuu cha Newcastle kusomea uhandisi wa umeme. Mwaka 1975 aliingia Oxford, katika chuo cha Queen's, kufanya shahada ya uzamili katika taaluma hiyo hiyo, na utafiti wake ulihusu mitambo inayojirekebisha yenyewe inapofanya kazi. Hebu mfikirieni mzazi wa hapa kwetu aliyeuza shamba Kwale ili mwanawe afike huko, kisha aje aambiwe kuwa kijana ameamua kuchekesha watu.

Oxford ndiko alikokutana na watu wawili ambao bila wao uzi huu usingekuwapo: Richard Curtis, mwandishi, na Howard Goodall, mtunzi wa muziki. Mwaka 1976 walikwenda pamoja kwenye tamasha la Edinburgh, na tangu hapo uhandisi ukabaki kuwa tabia yake tu, si kazi.

Kuhusu ulimi. Atkinson ana kigugumizi tangu utotoni, na amekieleza mwenyewe mara kadhaa. Herufi B ni miongoni mwa zinazomsumbua, na amezoea kuitamka kwa kuikandamiza hadi yenyewe ikawa kichekesho. Akivaa uhusika wa mtu mwingine, kigugumizi mara nyingi huondoka. Wale mliofundisha maigizo mnalijua jambo hili. Nimewahi kuwa na mwanafunzi ambaye hangeweza kutaja jina lake mbele ya darasa, lakini alipovikwa kilemba cha kadhi jukwaani alihukumu kesi nzima bila kukwama hata neno moja, na watu wakadhani tulikuwa tumebadilisha mtoto.

Dereva wa Kilindini

Maalim, ahsante kwa uzi. Mimi nabeba makontena kutoka bandarini kwenda Malaba, na safarini tukilala Salgaa au Mlolongo vijana hutazama vipande vyake hadi usingizi uwachukue. Kuna mwenzetu mmoja hudai kwamba huyu Mr. Bean ni dereva wa lori mwenye leseni kamili. Sisi tulimwona mwongo. Je, ni kweli?

Mwana wa Kibokoni

Ni kweli, ndugu yangu, mwombeni radhi. Alipata leseni ya malori makubwa mwaka 1981, kwa kuyapenda tu. Magari ndiyo maradhi yake: mwaka 1997 alinunua McLaren F1, akaigonga vibaya mwaka 2011 huko Cambridgeshire, ikatengenezwa kwa gharama iliyokaribia pauni milioni moja, naye akaja kuiuza kwa takriban pauni milioni 8. Gari la kijani alilokuwa akiliendesha katika kipindi, Mini yenye boneti nyeusi na mlango uliofungwa kwa komeo na kufuli, lilikuwa mzaha wa mtu anayeyajua magari vizuri. Lakini tusiingie huko, tutalala barabarani.

Binti Tudor

Kwa heshima, Maalim, naona hoja yako ina tundu. Unasema kichekesho chake hakihitaji ulimi, ilhali kabla ya Mr. Bean alikuwa tayari maarufu kwao kwa maneno makali. Marehemu babangu alikuwa na kanda za Blackadder, na mtu yule alikuwa akizungumza mfululizo. Sisi watoto hatukuelewa hata robo yake, ila tulimwona baba akijishika mbavu. Huyo naye ni Atkinson. Inakuwaje basi?

Mwana wa Kibokoni

Bi. Tudor, umenishika pazuri, na nakiri kwamba nililiruka jambo hilo.

Umaarufu wake ulianza mwaka 1979 katika kipindi cha BBC kilichoitwa Not the Nine O'Clock News, yaani kile ambacho si taarifa ya habari ya saa tatu usiku, kwa sababu kilirushwa na idhaa ya pili ya shirika hilo saa ile ile ambapo idhaa ya kwanza ilikuwa ikisoma habari. Alikuwa na Mel Smith, Griff Rhys Jones na Pamela Stephenson, wakiwadhihaki wanasiasa, maaskofu na watangazaji hadi mwaka 1982, na kikamletea tuzo ya BAFTA. Kisha mwaka 1983 yeye na Curtis wakaandika Blackadder, kisa cha mwana wa mfalme wa zama za kale. Mfululizo wa kwanza ulikuwa na ngome, farasi na theluji, ukala fedha nyingi, nao haukuchekesha kama walivyotarajia. BBC ilitaka kuuzima.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nimheshimu. Atkinson aliacha kuandika. Nafasi yake ikachukuliwa na Ben Elton, farasi wakaondolewa, kila kitu kikahamishiwa studioni, na mhusika akageuzwa juu chini: katika mfululizo wa kwanza alikuwa mpumbavu na mtumishi wake Baldrick ndiye mwerevu, na kuanzia wa pili, mwaka 1986, yeye akawa mwerevu mwenye ulimi wa wembe na Baldrick, aliyeigizwa na Tony Robinson, akawa bwege. Ni waigizaji wangapi mnaowajua ambao wako tayari kukubali kwamba mwenzao ataandika vizuri kuliko wao, kisha wabaki kuigiza tu? Mimi nimeona vikundi vya maigizo vikivunjika kwa sababu ya mstari mmoja uliofutwa.

Na hata katika kazi hiyo ya maneno, hebu kitazameni kipindi cha mwisho kabisa, cha Novemba 1989. Kila mfululizo ulikuwa na zama zake, na hapa wahusika ni wanajeshi wa Kiingereza ndani ya mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa sehemu tano na nusu Kapteni Blackadder amejaribu kila hila ili asipelekwe mbele, na hila zote zimeshindwa. Dakika za mwisho mizaha inapungua, mmoja baada ya mwingine wanakiri kuwa wanaogopa, filimbi inapulizwa, wanapanda kutoka handakini, picha inapungua mwendo, na uwanja wa vita unageuka taratibu kuwa shamba la maua mekundu. Hakuna neno, hakuna kicheko. Mtu aliyezungumza kwa miaka sita alifungiwa pazia kwa kimya. Kwa hiyo, Bi. Tudor, tundu lipo, lakini naona linatokea upande wangu.

Ami wa Likoni

Mnasahau kwamba nusura tumpoteze hapa hapa nchini. Mwezi Machi mwaka 2001 alikuwa Kenya kwa likizo, na rubani wa ndege ndogo aliyoipanda akazirai angani. Atkinson hakuwa rubani, lakini aliishika ndege isianguke hadi yule rubani alipozinduka na kuitua uwanja wa Wilson, Nairobi. Niliposikia habari ile nilicheka kabla sijaogopa, na hadi leo naona haya kwa kicheko kile.

Mwana wa Kibokoni

Usione haya, Ami. Nadhani nusu ya dunia ilimwona akitafuta kitabu cha maelekezo chini ya kiti. Hiyo ndiyo adhabu ya mtu aliyeigiza vizuri mno: hata ajali yake watu huitafutia mzaha, na hata kifo chake huzushwa mtandaoni mara kwa mara, kisha watu humuombea na baadaye kumkuta hai.

Sasa nije kwa Mr. Bean mwenyewe, kwa sababu hapa ndipo yule mzee wa barazani alipokosea.

Mhusika huyu alifinyangwa kwa muda mrefu jukwaani kabla ya kuonekana kwenye runinga, tangu siku zile za Oxford. Mwaka 1986 Atkinson alipeleka onyesho lake New York, katika ukumbi wa Broadway ambao kwa sadfa uliitwa Brooks Atkinson, na wahakiki wakamkata vibaya hadi onyesho likafungwa baada ya siku chache. Mwaka uliofuata alikwenda kwenye tamasha la vichekesho la Montreal, Kanada, ambako kuna jukwaa la Kiingereza na jukwaa la Kifaransa. Aliomba awekwe kwenye jukwaa la Kifaransa. Waandaaji walishangaa, maana hakuwa na neno la Kifaransa katika onyesho lake, lakini hilo ndilo alilokuwa akilitafuta: alitaka kuona kama mtu asiyeelewa lugha yake atacheka. Walicheka. Kwangu mimi hilo ni jaribio la mhandisi, la kutoa waya mmoja mmoja ili ajue ni upi hasa unaowasha taa.

Kipindi cha kwanza kilionyeshwa na ITV tarehe 1 Januari 1990. Jina lilichelewa kupatikana. Walifikiria majina ya mboga nyingine, koliflawa ikiwa mojawapo, kabla ya kuamua haragwe. (Kwetu Pwani bila shaka angekuwa Bwana Mbaazi, na angeuzwa asubuhi pamoja na mahamri.) Na hapa ndipo ile kwaya inaporudi. Mnakumbuka anavyodondoka kutoka angani ndani ya mwanga, huku watu wakiimba kwa sauti za kanisani? Wimbo ule ulitungwa na Howard Goodall, rafiki yake wa Oxford, na maneno yake ni ya Kilatini yenye maana ya «Tazameni mtu ambaye ni haragwe». Mtoto wa shule ya kwaya alikuwa akiwatania walimu wake, nasi tulidhani ni muziki wa heshima.

Kipindi hicho cha kwanza kina visa vitatu tu. Katika cha kwanza anafanya mtihani wa hisabati. Amejiandaa kwa trigonometria, anafungua bahasha na kukuta maswali ya kalkulasi, anahangaika kumchungulia jirani yake hadi muda unakwisha, ndipo anasikia msimamizi akisema kwamba kulikuwa na karatasi mbili, na ile aliyoisomea imebaki ndani ya bahasha. Katika cha pili yuko ufukoni, anataka kuvaa nguo ya kuogelea bila mtu aliyeketi karibu kuuona mwili wake, na anaivaa juu ya suruali kisha anaivua suruali kwa ndani kwa hila na jasho. Mwishowe yule mtu anainuka na tunaona ni kipofu. Mtu wa Mombasa angejifunga kikoi na kisa kingekwisha kabla hakijaanza. Katika cha tatu yuko kanisani, usingizi unamwelemea, anachemua hana leso, na wimbo wenyewe hauujui ila neno moja, Aleluya, ambalo likifika analipaza kuliko watu wote.

Angalieni visa hivyo vinavyofanana. Kila kimoja kina sheria ambayo kila binadamu anaijua bila kuambiwa: usiibe mtihani, usivuliwe nguo mbele za watu, usilale ibadani. Bean anazijua sheria hizo na anaziogopa kama mtoto, na kama mtoto hana aibu ya njia anayoitumia kuzikwepa. Atkinson mwenyewe amemweleza kuwa ni mtoto ndani ya mwili wa mtu mzima. Uso unakuja mwisho. Kabla ya uso kuna mpangilio: kizuizi kiwekwe wapi, kitu gani kiwe mezani, jirani ageuke lini. Mtoeni mtu mwenye uso wa kuchekesha kuliko wote hapa Mombasa, mketisheni kwenye dawati bila bahasha ile yenye karatasi mbili, mwone kama atawachekesha kwa dakika kumi.

Na hesabu yake ni ndogo ajabu. Kuanzia 1990 hadi 1995 zilitengenezwa sehemu 15 tu. Watu hudhani ni mamia, kwa sababu zimekatwa vipande na kurudiwa bila kukoma. Filamu ya 1997 iliingiza zaidi ya dola milioni 200, ikafuata ya 2007, na katuni iliyoanza 2002 ambayo watoto wangu ndiyo waliyoijua kwanza. Mwaka 2012, kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London, alikaa kwenye kinanda mbele ya dunia nzima akipiga noti ile ile moja kwa kidole kimoja huku akipiga miayo.

Hata hivyo, Atkinson mwenyewe hampendi sana Bwana Haragwe. Amekwisha sema waziwazi kwamba kumwigiza kunamchosha na kumlemea, na kwamba mtu akizeeka, utoto ule huanza kutia huzuni. Naamini hapo ndipo alipojichosha na ukamilifu wake mwenyewe: katika kichekesho cha maneno ukikosea mwenzako anakuokoa, lakini Bean hana mwenzake, uzito wote uko juu ya nyusi zake.

Ami wa Likoni

Maalim, nami niongeze jambo. Sisi tulikuwa na wetu, Mzee Ojwang' wa Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha runinga ya Kenya, Mungu amrehemu. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, na hakuwa Mjaluo hata kidogo, lakini lafudhi ile aliitamka hadi Wajaluo wenyewe wakamkubali kuwa wao. Alipofariki Julai 2015 nyumba yetu ilinyamaza kama tumefiwa na jamaa. Je, yeye alikuwa fundi mdogo kwa sababu alitegemea ulimi?

Mwana wa Kibokoni

Hasha, Ami. Ningesema alikuwa na kazi ngumu zaidi kwa namna moja. Ojwang' alikuwa akicheza na Kiswahili chenyewe, akijua kwamba msikilizaji wa Lamu, wa Kisumu na wa Nyeri atalipokea neno lile lile kwa sikio tofauti, na bado wote wacheke. Mama Kayai, mkewe wa kwenye kipindi, akimjibu, kichekesho kilikuwa katika mdundo wa majibizano yao, na mdundo huo hauwezi kutafsiriwa. Ndiyo maana haukuvuka mipaka ya wasemaji wa Kiswahili, wakati Bean alivuka kila mpaka, na tofauti hiyo ilionekana mfukoni: Bean alimfanya mwenye kazi kuwa tajiri, naye mzee wetu miaka yake ya mwisho aliishi kwa dhiki, macho yakimsumbua. Kulinganisha ufundi wao kwa kulinganisha fedha zao ni dhuluma. Mmoja alichagua chombo kinachouzika popote, mwingine alichagua chombo kinachotuhusu sisi.

Bi. Mwalimu wa Alama

Samahani kwa kuingia nimechelewa. Ninafundisha watoto viziwi, na nimeusoma uzi huu wote nikifikiria darasa langu. Ijumaa tuna saa moja ya burudani. Ukiniambia nianze na kisa gani, Maalim, nitakifuata.

Mwana wa Kibokoni

Bi. Mwalimu, umekaribishwa sana. Anza na mtihani, kwa kuwa yote yamo machoni na mikononi. Ufuate ule wa bwawa la kuogelea, anapopanda hadi ubao wa juu kabisa, anaogopa kuruka, na kuishia kuning'inia kwa vidole. Kile cha kanisani kiache, nusu yake ni uimbaji na hakitawafaa.

Bi. Mwalimu wa Alama

Maalim, nimerudi na taarifa ya Ijumaa. Mtihani ulikwenda vizuri, na niligundua jambo ambalo sikulitarajia: mimi ninayesikia nilikuwa nikicheka pale vicheko vya kwenye kanda vilipocheka, nao walikuwa wakicheka kabla yangu, pale yule jirani aliposogeza tu kiwiko kuifunika karatasi yake.

Unisamehe, lakini cha kanisani pia niliwaonyesha, kwa sababu walikataa nizime. Mvulana mmoja wa mbele alikielewa kabla ya wote akawageukia wenzake kuwafafanulia kwa ishara. Aliwaambia wasimtazame Bean, wawatazame watu wa pembeni yake: wao midomo yao inatembea wakati wote, wake umefungwa, unafunguka mara moja mkubwa kuliko yote, kisha unafungwa tena. Tulikirudia mara nne.